Vitanda Viwili

Chumba chetu kina vitanda viwili,
kimoja cha kulalia, kimoja cha kufumia.
Vyote huitwa kitanda. Vyote hudai mtu mzima.
Kwa ajili ya hiki cha pili
mlango haufunguki hadi mwisho:
Ensio aliipima nafasi kwa rula ya kazini kwake,
sentimita arobaini na moja.
"Tukinenepa," alisema, "tutaingilia dirishani."

Hapa Kuopio, mwezi wa Januari,
jua huingia saa tatu na nusu likinyata
kama karani aliyechelewa.
Mimi saa hiyo natoka zamu.
Usiku kucha nimepokea simu za dharura:
mzee kaanguka ndani ya sauna,
mtoto wa miaka sita ananieleza kwa utulivu
rangi ya midomo ya mama yake.
Uko wapi? nauliza. Niko nawe, usikate simu.
Mara thelathini kwa usiku mmoja.
Kisha nafika nyumbani
na mume wangu ananiuliza kama nimekula,
nami namjibu kwa kichwa.

Maneno yamekwisha. Vidole bado.

Basi nakaa kwenye kitanda cha pili.
Mtande umekazwa, nyuzi mia tatu na sitini,
napitisha vipande vya nguo kuukuu:
shuka la shangazi Hellevi, pazia la jikoni,
gauni nililolivaa siku niliyofeli mtihani wa udereva.
Nagonga. Du. Du.
Jirani wa chini naye anagonga dari yake
kwa mpini wa ufagio.
Tunaelewana.

Husemwa mshika mawili moja humponyoka.
Mimi nimeshika matatu,
na sijui ni lipi liko sakafuni.

Februari nilikata suruali ya kazi ya Ensio,
ile ya buluu, yenye mafuta ya lifti magotini.
Sikumwuliza. Ilikuwa kitini,
imechakaa hadi inaonyesha upande wa pili,
nami nilihitaji buluu.
Alikaa ukingoni mwa kitanda cha kwanza, miguu mitupu,
akasema si suruali.
Akasema: "Watu wa kwenye simu unawauliza wako wapi.
Mimi hujaniuliza tangu Krismasi."

Nilikuwa bado nimeshika mkasi.

Wiki nzima tuliishi kama zamu mbili,
mmoja akiingia, mwingine akitia saini ya kutoka.
Kisha asubuhi moja nikakuta kwenye zulia
sehemu ambayo sikuifuma mimi.
Upana wa kiganja. Imepinda, imelegea,
mshindio unaruka nyuzi
kama mtu apandaye ngazi gizani.
Buluu tupu, yote iliyobaki.
Alikuwa amekesha hapo,
na mikono yake iliyozoea kamba za chuma.

Ningependa kusema niliguswa.
Kwanza nilikasirika. Nilianza kufumua.
Mistari minne niliitoa, nikainyoosha gotini,
nikanusa mafuta ya lifti,
nikaacha.

Sasa ni Juni. Tuko kwenye gati la ziwani
ambako mtaa mzima huja kuosha mazulia.
Tuna dakika hamsini kabla ya zamu yangu.
Nasugua kwa sabuni ya msonobari, yeye anamwaga ndoo.
Sehemu yake imevimba kama mkate;
zulia halilali sawa, wala halitalala.
Mama mmoja mwenye kofia ya majani anachungulia,
anauliza kama pale palifumwa na mtoto.
"Na fundi wa lifti," namjibu.
Fundi mwenyewe kalowa hadi mapajani,
kajificha nyuma ya zulia lililoning'inizwa,
namwona vidole tu.

"Uko wapi?" nauliza.

"Huku. Shika upande huo. Pindisha."

Napindisha kulia, naye kulia kwake,
na maji yanatoka,
ya buluu kidogo.