Kipya Kinyemi

Kifurushi kilifika posta ya Nakuru asubuhi.
Karani akakibonyezabonyeza: "Mama, ni sahani ya kulia?"
Nikamjibu ni ya kulilia.
Ushuru, shilingi mia nane na hamsini.
Nikalipa ili kelele yangu iingie nchini.

Meno ya Juu. Ndilo jina letu, msicheke.
Nyimbo tisa, dakika kumi na nne,
zilizorekodiwa mwaka wa themanini na nane
nyuma ya gereji ya Mukhwana, Bondeni,
madirisha yamezibwa kwa magunia ya pareto.
Tulichapa mia mbili, tukauza hamsini.
Zilizosalia Mukhwana alifunikia mapipa ya maji,
na mimi, nakiri, moja niliziba tundu la banda la kuku.

Sasa mtu wa mbali
ambaye vumbi la hapa halijawahi kumwingia jichoni
ameichapa upya. Nzito kama kifuniko cha sufuria,
rangi ya damu ya mzee, na picha yetu ndani,
panki ya Sitienei imesimama kama ufagio.
Chini yake: *Niaboke, ngoma.*
Nyaboke. Lakini si neno.

Nikaweka. Sindano ikashuka.
Anayeuliza kama ainunue, nasema anunue.
Gitaa lililokuwa ukungu, leo unahesabu nyaya.
Na besi! Miaka yote hii,
kumbe tulikuwa na besi.

Ila wameisafisha.

Mwishoni mwa wimbo wa tatu palikuwa na gari moshi
la mizigo, likirudi kinyumenyume kufuata mabehewa,
nasi tukangoja, fimbo zangu hewani,
likapita, tukaendelea na hasira zetu.
Gari moshi wameling'oa.
Wameziba pengo kwa ukimya usio wa Nakuru.

Na kabla ya wimbo wa sita Gathogo alikohoa,
kikohozi cha kiwandani, cha ungaunga wa pareto,
mara tatu, kisha "moja, mbili," kisha mlipuko.
Leo ni "moja, mbili."
Mtu mwenye masikio mema na mikono safi
alikiona kile kikohozi akadhani ni taka.
Gathogo tulimzika tisini na nne.
Hakuacha mtoto. Hakuacha ploti.
Aliacha kile.

Ya kale ni dhahabu, husema wenye dhahabu.
Yetu yalikuwa bati,
na bati ukilisugua mno, linatoboka.

Jioni Kemunto, binti wa kaka yangu, akaja toka Kaptembwo
na kaseti (kaseti! nilidhani zilikufa)
ndani ya kipande cha pakiti ya unga kilichoshonwa kwa uzi mwekundu.
Zamu ya Usiku. Wasichana watatu,
walirekodi kwenye kinu cha posho baada ya mwenye kinu kulala.
"Rudisha Chenji." "Karo ya Mwaka Jana."
Ngoma yao inachechemea. Gitaa moja halikutuniwa
au lilituniwa na mtu mwenye njaa.
Nikasogeza kiti.

Wimbo wa nne ukakatika katikati ya neno,
*tutawa*
basi. Kanda tupu.
"Imeharibika?"
"Tokeni za stima ziliisha."
"Mbona hamkurudia?"
Akanitazama kama anayetazamwa na karani wa posta.
"Shangazi, si ndivyo ilivyokuwa?"

Kipya kinyemi, walisema, ingawa kidonda.
Nami nilikipenda kidonda, nikarudia mara nne.

Alipokwenda nikachukua tochi hadi bandani.
Kuku wakalalama. Nikaing'oa ile santuri,
nikaiosha kwa sabuni ya kipande, kwa kidole gumba.
Imepinda kama chapati ya pembeni.
Sindano inapanda mlima, inateremka,
wimbo wa kwanza haupo, wa pili ni mvua,
lakini gari moshi limepita, limechelewa, limepita,
na mwanzoni mwa sita kuna mkwaruzo, jogoo nadhani,
ambapo sindano imekwama:
Gathogo anakohoa, anakohoa, anakohoa,
hafiki kwenye moja.
Nimekaa. Siinyanyui.