Safu ya Saba

Taiyuan, ghorofa ya tatu,
dirisha halifunguki tangu lilipopakwa rangi.
Qiao Yunzhi ana penseli na raba,
na mkoa mzima umelala mezani kwake
na mikunjo yake minne, kama shuka la mgeni.

Safu ya kwanza, jina la mgodi.
Ya pili, kina cha shimo.
Ya tatu, tani kwa mwaka.
Zinakwenda hivyo hadi ya saba, nyembamba kuliko zote:
mwaka wa kufungwa.
Tarakimu nne tu.
Hazina mke, hazina deni dukani.

Wakubwa wamesema: punguza, lakini tusipungukiwe.
Taifa linahamia kwenye jua na upepo,
ila jua la Januari huku ni la mapambo,
na upepo hausaini daftari la kazini.
Basi gawa. Hawa tani hizi, wale tani zile,
mkate mmoja, macho mengi,
na kisu unacho wewe.

Heigou, shimo namba nne.
Makaa yake yana salfa,
tabaka limesinyaa kama ulimi wa mgonjwa.
Hesabu haikukosea.
Aliandika mwaka: huu huu.
Hakuandika kwamba babake alishuka humo miaka ishirini na sita,
na usiku akikohoa
bakuli za kabatini ziliitikia.

Alikwenda mwenyewe kuwasomea uamuzi.
Wanaume mia tatu na kumi na wawili
kwenye viti vya plastiki, bwaloni.
Hakuna aliyepaza sauti.
Ge Baoshan, fundi wa pampu, aliuliza moja tu:
"Na maji, mmeyaambia?"

Maana pampu ikizimwa shimo hujaa,
na likishajaa limekwenda.

Alilinakili swali pembeni mwa karatasi.
Likakaa hapo, bila jibu, miezi minane.

Desemba, baridi ikaja kabla ya zamu yake.
Theluji ikafunika paneli za sola,
mapangaboi ya kilimani yakasimama
kama watu waliosahau walilotaka kusema.
Saa tisa usiku simu ikalia, kutoka Beijing:
"Heigou namba nne. Bado inaweza?"

Makaa. Kaa.
Moja lawaka, moja lasihi.

Akampigia Ge Baoshan, akitarajia habari za ziwa.
"Kukavu," alisema yule mtu.
"Nimekuwa nikija kila usiku kwa baiskeli.
Hakuna aliyeniambia nizime,
waliniambia tu hamtanilipa."

Yunzhi akafuta mwaka.
Raba ilikwenda, ikarudi, karatasi ikatoboka,
na pale palipokuwa na tarakimu
pakaonekana mbao ya meza.

Alfajiri bado yuko kitini,
penseli mkononi, anatafuta
safu ya kumwandika mtu na baiskeli yake.
Zipo saba. Anazihesabu tena.