Sisi Akina Pobujoi

Karani wa vizazi ananiuliza mara ya tatu:
jina la ukoo?
Pobujoi, nasema.
Anatazama ukuta kana kwamba limeandikwa huko.
"Ni la Kikerewe?"
La Ngamiani, barabara ya kumi na sita.

Lilianza hivi, kwa simulizi ya bibi Nakiete
akichambua mchele, macho kwenye ungo.
Babu Mbwana alikuwa mpishi
wa meneja wa mkonge, nyuma ya Pongwe,
Mwingereza mwembamba asiyekula nazi
(Tanga hii, maskini, akala viazi miaka tisa).
Siku ya kuandikishwa kodi ya kichwa
mwandishi aliuliza, "Wewe wa nani?"
Alitaka jina la baba.
Babu, kitambaa cha sahani begani,
akajibu kama alivyozoea kujibu getini:
"Wa Pobujoi."
Wino ukakauka.
Shehoza, aliyemzaa, aliyemfundisha kushika jembe,
akafutika pasipo mtu kumfuta.

Waja leo, waondoka leo, ndivyo tusemavyo.
Meneja alikuja, akaondoka
na makabati, na mbwa, na kinanda kilichoingia mchwa.
Jina likakosa nafasi sandukuni.

Mwaka niliomaliza chuo niliandika barua
kwa maktaba ya mji uliotajwa nyuma ya picha yake.
Wiki saba. Akanijibu mama mmoja, kwa mwandiko uliolala:
ni jina adimu hata huku kwetu.
Mjini nimempata mmoja, mng'oa meno,
naye hana mtoto.
Maana yake, kasuku.
Zama za pinde waliweka kasuku wa mti
juu ya mlingoti, vijana wakamlenga;
aliyemwangusha akaitwa Kasuku mwaka mzima,
na wengine, mwaka ulipoisha, hawakulirudisha.
Neno lenyewe si letu, aliandika.
Tulilipata kwa Wafaransa,
nao, nasikia, kwa Waarabu: babaghaa.

Nilicheka mpaka bibi akatua ungo.
Kumbe lilitoka pande hizi hizi,
likaenda kujifunza baridi,
likarudi limevaa soksi!
Bibi hakucheka.
Kasuku, alisema, hana jina lake.
Hutaja la anayemlisha.

Nimetuhesabu. Tuko kumi na mmoja.
Sita tupo Ngamiani.
Ami Kaniki wa Makorora, fundi baiskeli,
kaandika kibaoni POBU JOI, maneno mawili,
na wateja humwita Bwana Joi.
Wa Muheza amebaki Pobu tu,
kisanduku cha fomu ya darasa la saba kilikuwa kifupi.
Shangazi Mwanamvua kaolewa Mombasa,
huko ni Bobjoi, sijui kwa nini.
Wawili wamo kaburini, nao nimewahesabu,
kwani jiwe nalo ni daftari.

Huyu wa kumi na mbili ana siku arobaini na moja.
Kalala kifuani kwangu, mkono nje ya kanga,
mama yake yuko kwenye benchi la nje, mgongo unamuuma.
"Haya, wa nani huyu?"
Swali lile lile.
Jana usiku nililifanyia mazoezi bafuni:
Shehoza, Shehoza, basi, tumalize.
Sasa ulimi umejaa pamba.
Nyuma yangu foleni inakohoa.
Nikilitupa hili, babu naye nimtupe wapi,
na kitambaa chake begani?

"Jina la kwanza Shehoza," nasema.
"La mwisho lile lile."
"Umeligeuza, baba. La ukoo umeliweka mbele."
Liongoze njia. Kasuku afuate nyuma.

Anachapa. Printa inaguna, inatema karatasi.
Elfu nne mia tano, na hana chenji.
Nafika mlangoni ndipo nasoma:
SHEHOZA POBUJUI.
Narudi dirishani. "Mfumo," anasema,
mikono juu, kama mtu aliyeshikiwa bunduki.
Mtoto anaamka, anapiga chafya.
Sasa tuna namna tano za kuandikwa.