Fimbo ya Mninga

Mimi ndiye niliyesema.
Msimtafute mwingine.

Tulikuwa hatujafika hata Usoke,
behewa la daraja la tatu, madumu ya asali miguuni,
magunia ya karanga njiani,
mtoto kalala juu ya begi la mtu asiyemjua,
nami na goti langu la kushoto
na fimbo ya mninga aliyonichongea marehemu.
Fimbo ile haihitaji mdomo.
Ikigonga sakafu, watu huinuka.

Yeye hakuinuka.
Kijana wa miaka ishirini na kitu, shati limepigwa pasi,
uso dirishani, kwenye giza lisilo na cha kutazama.
Nikasema, kwa sauti ya kulitosha behewa zima:
“Vijana wa siku hizi wanazaliwa wamechoka.”
Watu wakacheka.
Nilipenda walivyocheka.
Bwana mmoja mwenye kofia akadakia: “Pombe hiyo, mama.”

Basi akainuka.
Taratibu, kama mtu anayeshuka mtumbwini,
akashika chuma cha mlangoni, hakunijibu.
Nikakaa. Kiti kilikuwa na joto lake bado,
joto la homa,
lakini mwenye kushinda huwa hapimi joto.

Urambo.
Kaliua, wakashuka watu wa tumbaku, wakapanda wengi zaidi.
Usinge akabadilisha mkono.
Kila treni ilipojikwaa kwenye maungio ya reli
alifumba macho, midomo ikihesabu.
Nilidhani anasali.

Nguruka mtandao ukarudi.
Akapiga simu, Kiha, chini chini, kwa mama yake nadhani,
nikaambulia neno moja tu: amagufa.
Kwetu tunasema maguha.
Mifupa.
Akatoa mfukoni bahasha ya vidonge
na kadi ya kliniki iliyokunjwa mpaka imelegea,
akavimeza bila maji.
Kadi niliisoma. Macho yangu hayana adabu.
Selimundu,
na tarehe, na tarehe, na tarehe,
ya kwanza akiwa na miezi tisa.

Wahenga walituonya juu ya mwenye kovu,
tusidhani amepoa.
Asiye na kovu hawakumtaja.
Labda naye alikuwepo siku hiyo, amesimama,
akisubiri wamalize kusema.

“Kaa, baba,” nikamwambia, nikajikunja nusu ya kiti.
“Asante mama. Nimezoea.”
Sikuwa na neno la kuliweka juu ya hilo.
Nikampa fimbo.
“Basi nishikie hii.”

Akaishika, akaiegemea.
Na yule bwana wa kofia, yule wa pombe,
akaiona fimbo,
akaruka kama kachomwa na siafu:
“Pole kaka, pole, kaa hapa, ungesema!”
Kijana yule yule.
Mifupa ile ile tangu Tabora.
Kilichoongezeka ni kipande cha mti.

Alilala mpaka Uvinza, mpaka Luiche,
fimbo yangu kifuani kama barua.

Kigoma, asubuhi, upepo wa ziwa na harufu ya migebuka.
Akanirudishia kwa mikono miwili,
akashuka, shati limenyooka,
mzima kabisa, kwa macho.
Hakupiga hatua kumi. Nikasikia nyuma yake:
“We kijana! Wewe mwenye nguvu!
Njoo ushike upande huu wa gunia!”

Nikaigonga fimbo chini
kabla hajageuka.