Mikunjo Hamsini na Nane

Alfajiri, Dalanzadgad. Baridi thelathini na nane chini ya sifuri.
Oili katika lori la Tumurkhuu imekuwa uji wa jana,
naye anawasha injini kama anayemwamsha mtu kwa teke.
Sekunde sita, nimezihesabu,
taa nyekundu haizimiki
na chuma kinasaga chuma:
ko, ko, ko, kama jino lililodondoka bakulini.

Zima, nikamwambia. Zima, mdogo wangu.
Ndilo neno la kwanza kumwambia tangu tumzike baba.

Nililibana chujio lake kwenye jiliwa
nikalikata shingo kwa msumeno.
Kopo zuri, la rangi ya chungwa, lina picha ya tai.
Ndani: mikunjo thelathini na mmoja ya karatasi
imelala upande mmoja kama nywele za mlevi.
Vifuniko vya kadibodi. Gundi iliyomwagika ovyo.
Na ule ulimi wa mpira, uzuiao oili isirudi nyuma,
umekakamaa kama ngozi ya kondoo iliyosahauliwa nje.
Basi usiku kucha oili imeteremka, tone kwa tone,
ikaenda kulala kwenye sampu.
Asubuhi pampu ikaanza kujaza mifereji mitupu
huku beringi zikizunguka na kiu.

Nikakata na jingine, la kwangu, la bei ya nusu kondoo.
Mikunjo hamsini na nane.
Niliikunjua mezani, ikalipita birika la chai ya chumvi,
ikaning'inia ukingoni.
Karatasi zaidi, nilisema, ni milango zaidi.
Oili haigombei njia, na presha haifii mlangoni.

Akauliza, sauti yake kavu:
kwani tundu dogo si ndilo linalochuja vizuri?
Ndilo. Hapo ndipo penye ugomvi.
Ukibana mno, uchafu haupiti, wala oili haipiti.
Ukilegeza, vyote vinapita.
Aliyelichora chujio hili alitembea juu ya uzi huo
na hakuna aliyempigia makofi.

Kisha nikamwonyesha springi, chini kabisa ya kopo,
ndogo kama ya kalamu, na kisahani chake.
Hii ni valvu ya dharura.
Oili ikiwa nzito, au karatasi ikizibwa na masizi,
presha hujikusanya upande mmoja, husukuma,
husukuma, hadi springi inapokubali.
Hapo oili hupita pembeni bila kuchujwa,
na vumbi lake, na chembe zake za chuma.

Chafu?

Chafu. Afadhali beringi inywe mafuta machafu
kuliko isinywe kabisa.
Ya kwako ilishikwa na gundi. Isingefunguka kamwe.

Aliigeuzageuza springi ile kiganjani.
Nje malori ya makaa yalipita kuelekea mpakani, manane, tisa.
Halafu akasema, bila kuchuja:
"Ulimuuza farasi wake mwekundu
kabla ya siku arobaini na tisa."

Nikasema: "Deni la hospitali halikungoja.
Na wewe ulikuja siku ya hamsini."

Jiko lilinguruma. Hakuna aliyeomba radhi.

Nililijaza chujio jipya oili niliyoipasha moto,
nikapaka mpira wake kwa kidole,
nikalikaza kwa mkono tu, robo tatu ya mzunguko, basi.
Akawasha.
Taa ikazimika kabla sijamaliza kusema moja.
Mshale ukapanda hadi nne, ukatetemeka, ukashuka kidogo
kadiri injini ilivyopata joto,
ukatulia mahali pake.

Aliondoka bila kuaga, ndivyo alivyo.
Ila glavu zake zimebaki juu ya mikunjo ile mirefu,
moja imeangalia juu, vidole wazi.
Nimezisogeza karibu na jiko.