Mstari wa Buluu

Miaka ishirini na tisa nimegonga mihuri
nyuma ya dirisha namba tatu, Posta ya Dodoma.
Farkwa. Babayu. Chali. Kintinku.
Vijiji nilivijua kwa uzito wa bahasha,
kwa gundi, kwa mwandiko wa walimu
(*apewe Mama Nyemo, kwa mkono wa mkuu wa shule*),
sikupata kuona hata bati la paa moja.

Ukutani ilining'inia ramani
iliyokunjamana kwa mvuke wa birika,
na ndani yake mto Bubu: mstari wa buluu,
mwembamba kama mshipa wa kiganja,
kutoka kaskazini hadi mbuga ya Bahi.
Nilijiapiza: nikistaafu, nitaufuata.

Nimestaafu. Ndahani, mtoto wa kaka,
ana pikipiki na deni la pikipiki.
"Shangazi," akasema, "mafuta juu yako."

Kondoa tulianzia chemchemini,
maji yakifurukuta kama chungu
kilichosahauliwa jikoni, ila baridi.
Nikasema moyoni, kama mwanzo ni huu,
huko mbele si tutaogelea!

Kumbe.

Farkwa tukamwuliza mchunga mbuzi
mto uko wapi.
Akatazama miguu yetu.
Akamwambia mwenzake jambo kwa Kisandawe,
vidoko vikilia kama kokoto mfukoni,
kisha akatugeukia, kwa adabu kabisa:
"Mama, mmeukanyaga."

Mchanga. Mpana kuliko barabara kuu,
na kwato, na kinyesi kikavu, na ukimya.
Aliyeuita Bubu hakukosea mlango.
Lakini Kesia, binti wa darasa la sita,
alikuwa amezama shimoni hadi mabegani.
Kata ya kwanza akamwaga, ya pili akamwaga,
ya tatu akaiacha itulie, akanipa.
Ladha ya mizizi, na ya kitu kama msumari.
Nikaumeza ule mstari.

Babayu tulilala kwa Sechelela Chilongani.
Jina lile! Mkono wangu ulilijua kabla ya sikio.
Mwanawe alikuwa akimwandikia kutoka Mererani
kila mwezi, kisha kila Krismasi,
kisha basi.
Mimi nilijua kabla yake kwamba basi.
Nikaomba aniongeze mlenda.

Usiku nyota zilikuwa zote kazini, wingu hakuna,
na bado kitu kikaanza kunguruma kwa mbali
kama lori la mahindi linalotafuta gia.
"Mto unakuja," akasema Sechelela,
akageukia ukuta wa tembe, akalala.
Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, kwa wenyewe.
Nilitoka na kanga moja kwenda kuusikiliza.
Bubu, nani alisema huna la kusema?

Alfajiri nikamwamsha Ndahani: "Washa! Tuutangulie!"
Maana maisha yangu yote nimetuma tu,
sijawahi kufikisha.
Tukapata pancha mara mbili. Tukaanguka mara moja,
kwenye miba, goti langu likafunguka kama kifurushi.
Ndahani alinitukana kwa heshima zote.

Bahi wanawake walikuwa majarubani,
wanazibua matuta kwa majembe.
"Mbukwenyi!" nikapaza sauti, vumbi mdomoni,
"Maji yako njiani! Yanakuja!"

Mmoja, bila kuinua kichwa:
"Tunajua. Tulipigiwa simu usiku."

Nikacheka hadi goti likauma.
Ndahani akauliza, sasa tunarudi?
Nikavua viatu, nikakaa ukingoni.
Mto huu hauendi baharini, hauna haja,
unaishia hapa, kwenye mpunga na kambale,
na leo sina dirisha la kufunga.

Saa nane hivi ukatokea,
polepole, kama mgeni asiyejua nyumba,
unatambaa, unajaza nyufa moja moja,
umesukuma mbele yake povu, vibunzi,
na kandambili moja, ya mguu wa kushoto.