Maharagwe ya Nyando

Alhamisi, saa nane, bati la chuo linachemka,
Bi Muhonja hakushika chaki.
Alitandaza katoni ya sabuni iliyopasuliwa,
juu yake mto wa wino wa buluu
uliopinda pale mchoraji alipoguswa kiwiko,
na mashamba manane, kila shamba kifuniko cha soda.

Maji ni maharagwe, akasema. Thelathini kwa msimu.
Wa juu huchota kwanza.
Shamba hushiba kwa manne. Ukitaka ziada, chota.
Hakuna kusema hadi raundi ya nne.

Dadu ikanitupa juu kabisa,
kule Tinderet kwenye baridi na chai,
mimi mtoto wa mpunga, mzaliwa wa Ahero,
ambaye mama yangu hulala ukingoni mwa mfereji
akingoja zamu ya saa tisa usiku.
Chelagat, wa milimani kwelikweli, akaangukia la nane.

Raundi ya kwanza nilichota manne.
Ya pili sita; nani aijuaye kesho?
Ya tatu, tisa,
mkono mwepesi kama wa mtu anayepangusa makombo mezani.
Chelagat alifikiwa na haragwe moja, limepasuka.
Akaliweka katikati ya kifuniko
akalitazama kama barua ya hospitali.

Mkuu wa idara akachungulia dirishani:
"Karo yote hiyo, na mnacheza gololi?"
"Ni somo la usimamizi wa maji," Bi Muhonja akajibu.
"Hawa wa huku mwisho wamekauka. Karibu uwaone."
Hakukaribia.

Raundi ya nne, ruhusa ya kusema.
Kimya. Feni ikakwaruza hewa.
Kisha Chelagat, polepole, bila hasira:
"Opiyo Adhola, si kwenu ni Ahero?"

Saba yalikuwa kiganjani mwangu,
yamelowa jasho, ngozi zao zimeanza kukunjamana.
Nilirudisha matatu.
Matatu tu, nasema kweli.

Kwenye mtihani, swali la pili: *Eleza, kwa mifano.*
Nilijaza kurasa tatu.
Mfano mmoja sikuutaja.

Jumamosi nilimshikia mama tochi mferejini.
Maji yalikuja saa kumi, membamba kama kamba ya kiatu.
Akawalaani wa juu, mmoja mmoja, kwa majina.
Nikamulika mbali kidogo na uso wangu,
na katika mfuko wa suruali
vidole vikahesabu: moja, mbili,
tatu, nne.